Joto Linakokwenda

Mwika, 8 Februari 1949

Kwa Baba Mkubwa Anaeli,

Shikamoo Baba Mkubwa. Usishangae kuona mwandiko usioujua. Mimi ni Elifuraha, mtoto wa marehemu mdogo wako Eliona. Ulipohama hapa nilikuwa na miaka sita. Sasa nina ishirini na miwili, na tangu mwezi uliopita nafundisha darasa la nne hapa hapa nyumbani.

Huku hatujambo. Mvua za vuli zilikuwa haba, migomba ya chini imenyong'onyea, lakini ile ya karibu na mfereji inajikaza. Ng'ombe amezaa ndama jike. Bibi alituacha mwaka wa arobaini na tatu. Nadhani habari zilikufikia. Mama ni mzima, anapalilia kahawa.

Tulijua uko Moshi, hatukujua wapi. Remigius, utingo wa lori la kahawa, ndiye aliyenipa anwani. Anasema mwokaji wa mikate kwa Bwana Alawi huko Njoro ni mtu wa kwetu, anachechemea mguu wa kushoto, na kila akimwona mtu wa Mwika humuuliza kama mtoto wa Eliona yu hai. Nikajua ni wewe.

Ninalo ombi. Mkaguzi wa shule atakuja mwezi wa saba. Ametuagiza tuache kuwakaririsha watoto, kila somo liwe na mifano ya nyumbani. Mimi nimepewa habari za joto: linavyotoka kwenye kitu hiki kwenda kwenye kile. Kitabu nilicho nacho ni cha Kiingereza, na mifano yake ni mabomba ya maji moto kwenye kuta za nyumba za Ulaya. Watoto wangu watayajulia wapi mabomba hayo? Nikakumbuka kwamba nina mzazi anayeshinda mbele ya tanuri, naye zamani alipanda mlima mpaka kwenye theluji. Naomba uniandikie, hata kidogo, tanuri lako linavyofanya kazi, na jinsi mlivyolala kule juu na baridi ile.

Ni mimi mwanao,
Elifuraha Eliona


Njoro, Moshi, 27 Februari 1949

Binti yangu Elifuraha,

Marahaba. Marahaba mara nyingi. Barua yako ilinikuta nina unga mpaka kwenye nyusi. Niliisoma nikiwa nimesimama, na safu nzima ya mikate ya Bwana Alawi ikaungua. Hakunikaripia, aliona uso wangu.

Mimi mzima. Mji una vumbi, joto kali, na mbu wa Njoro unawasikia mpaka usingizini. Nakaa chumba kimoja karibu na Sadallah, mwenzangu wa kazi, na mke wake Zuleha hunitumia chakula siku za mwezi wa Ramadhani kana kwamba nami nimefunga. Habari ya mama yangu ilinifikia. Sikuja. Hilo tuliache.

Sasa sikiliza habari za tanuri. Letu ni la matofali na udongo, limekaa kama chungu kilichofudikizwa. Alfajiri tunawasha kuni ndani yake mpaka ukuta unakuwa mweupe, kisha tunakokota makaa yote nje, tunafagia, tunaingiza mikate. Moto haumo tena, lakini mikate inaiva. Waulize watoto wako: inaivaje bila moto? Ni matofali. Yamekunywa joto, sasa yanalitoa polepole. Tena, pao la kuingizia mikate ni la mbao. Bwana Alawi aliwahi kuleta la chuma. Siku hiyo hiyo Sadallah alilitupa akipiga yowe, mikate ikaingia mchangani. Chuma hakikai na joto, kinakuletea mkononi mbio. Mti hauna haraka. Na ukifungua mlango, joto hukupiga usoni kuliko miguuni, kwa kuwa hewa ya moto hupenda kupanda.

Habari za mlima sina. Ni zamani, nimesahau.

Nimempa Remigius mikate miwili. Mmoja ni wako, mwingine ni wa mama yako. Mwambie Shemeji Martha nimeukanda mimi mwenyewe. Uniandikie amesemaje.

Baba yako mkubwa,
Anaeli


Mwika, 20 Machi 1949

Baba Mkubwa mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta na afya. Sisi tunaendelea, mvua zimeanza kugusa, mfereji umejaa, na ndama wako (nimempa jina la Unga) anakua. Mama mgongo ulimsumbua siku mbili tatu, sasa amepona.

Baba Mkubwa, ungeliona darasa langu! Nilianza na habari ya mikate inayoiva bila moto, wakabishana mpaka kengele ikalia. Siku ya pili nilibeba sufuria ya uji wa moto, nikasimamisha ndani yake mwiko wa mti na kijiko cha bati, na kwenye mpini wa kila kimoja nikabandika kinundu cha mafuta ya ng'ombe. Tukangoja. Mafuta ya kijiko yakaanza kutoka jasho, yakateleza, yakaanguka. Ya mwiko hayakusogea. Watoto wakapiga makofi kana kwamba kijiko kimeshinda mbio.

Lugha yetu haina majina ya mambo haya, kwa hiyo nimeyatunga. Lile la kijiko naliita joto la kupokezana, kama watu wa msaragambo, ile kazi ya pamoja ya kijiji, walivyopokezana mawe ya kujengea kanisa: hakuna anayetoka mahali pake, ila jiwe linafika. La moshi na la hewa ya tanuri naliita joto la kupanda. Na lile la jua, linalotufikia bila kugusa kitu njiani, naliita joto la kuruka.

Mikate ilifika. Niliikata vipande vidogo, kila mtoto akapata chake.

Kuna msichana mmoja, Esther, ana miaka kumi, hasemi sana lakini akisema lazima ukae ufikiri. Ameuliza, "Mwalimu, na baridi nayo husafiri?" Kitabu kinasema baridi si kitu, baridi ni joto lililoondoka. Nilipowaambia hivyo walicheka, wakanionyesha theluji ya Kibo dirishani. "Na ile je, Mwalimu? Ile nayo si kitu?" Wewe uliyefika huko, nisaidie. Mlikuwa mnafunikwa na nini? Mlilala vipi?

Mwanao,
Elifuraha


Njoro, Moshi, 10 Aprili 1949

Binti yangu,

Marahaba. Nimefurahi kwa habari za kijiko na mwiko. Sadallah nimemsomea, amecheka sana, anasema kijiko hicho ni ndugu wa lile pao.

Mikate yote miwili walikula watoto? Mama yako hakuonja? Hukuandika amesema nini. Labda ulisahau.

Kuhusu mlima: mtu akikaa mbele ya moto kule juu, uso unaungua na mgongo unaganda, kwa wakati huo huo. Hilo laweza kukufaa darasani. Basi, inatosha.

Anaeli


Mwika, 22 Mei 1949

Baba Mkubwa mpendwa,

Shikamoo. Nisamehe nimechelewa. Masika ya mwaka huu yamekuwa ya kutisha, daraja la chini lilizolewa na lori halikupanda kwa wiki tatu. Paa la jikoni limevuja, Mama amelitengeneza mwenyewe. Kahawa imechanua vizuri.

Ule mfano wa uso na mgongo niliutumia, ukaeleweka mara moja. Lakini leo nina habari kubwa zaidi, jaribio ambalo nimelitunga mwenyewe, halimo kitabuni, nami nataka uwe mtu wa kwanza kulisikia.

Tulichukua makopo matatu mapana ya biskuti, yaliyo sawa, tukayajaza maji moto kutoka sufuria moja. Ilikuwa asubuhi ya ukungu, mikono inakufa ganzi. Kopo la kwanza tuliliacha wazi juu ya jiwe kubwa lililoko nje ya darasa. La pili tuliliweka juu ya jiwe hilo hilo, lakini tukalifunika gunia juu na pembeni, kisha gunia la pili juu ya lile la kwanza. La tatu tuliliweka juu ya tita la majani makavu ya mgomba, tukalifunika gunia moja tu. Nikawauliza, "Lipi litakaa na joto zaidi?" Wote thelathini na tisa wakachagua la pili. Magunia mawili yashindwe na moja?

Tukaimba nyimbo mbili, tukafanya hesabu, tukarudi. Wakaingiza vidole. La kwanza baridi kabisa. La pili, lenye magunia mawili, lilikuwa karibu baridi. La tatu lilikuwa bado na joto la kuogea mtoto!

Nikawaeleza. Blanketi halitengenezi joto, linalizuia tu lisiondoke. Ukifunika juu na kuacha chini, joto linashuka kwenye jiwe kidogo kidogo, nalo jiwe halishibi. Majani makavu yana hewa ndani yake, na hewa iliyotulia haipitishi joto kwa urahisi. Hapo Esther akainua mkono. "Mwalimu, kwa hiyo mtu akilazwa juu ya mwamba, hata akifunikwa mablanketi kumi, mwamba utammaliza?" Nikamwambia, "Ndiyo, Esther. Umeelewa kuliko wenzako wote." Nikampa chaki nzima iwe yake.

Sasa mkaguzi na aje. Uniandikie upesi unionavyo.

Mwanao mwenye furaha,
Elifuraha


Njoro, Moshi, 3 Julai 1949

Kwa Mwalimu Elifuraha Eliona, Mwika.

Barua hii imeandikwa na mimi, Sadallah bin Salehe, kwa kinywa cha Mzee Anaeli. Anasema ni mzima wa afya. Anasema barua yako ya mwezi wa tano imefika, na jaribio la makopo ni zuri, na mkaguzi atapendezwa. Anasema kazi ni nyingi ndiyo maana hakujibu, na vidole vinamuuma kwa hiyo hakuandika mwenyewe. Anawasalimu nyote. Hana neno jingine.

Hayo ni yake. Haya yafuatayo ni yangu, naye hajui kwamba nimeyaandika. Dada yangu, vidole vyake haviumwi. Siku alipoisoma barua ile alikaa chini mbele ya tanuri kama mtu aliyepigwa, mpaka Bwana Alawi akamtuma mwingine kushika kazi. Tangu siku hiyo hali chakula vizuri, na Zuleha ameacha kumwuliza kwa nini anarudisha sahani zimejaa. Juzi mchana nilimkuta ghalani ameweka kiganja chake sakafuni, ametulia hivyo muda mrefu. Nikamwambia, "Anaeli, una nini?" Akasema, "Sadallah, sakafu hii ina baridi." Kama uliandika jambo la msiba, tafadhali mwandikie tena umpoze.


Mwika, 12 Julai 1949

Baba Mkubwa,

Shikamoo. Mimi nina wasiwasi, kwa hiyo sitaandika marefu. Mkaguzi alikuja wiki iliyopita, alilipenda somo, ameniandikia maneno mazuri kwenye kitabu cha shule. Sikuweza kufurahi.

Sijui nimeandika nini kilichokuumiza. Lakini kama tunafichana, basi mimi ndiye niliyeanza. Mama hajui kwamba nakuandikia. Mikate sikumwonyesha, niliipeleka shuleni ili asiulize imetoka wapi. Salamu zako zote ziko kwenye sanduku langu pamoja na barua. Nyumbani kwetu jina lako halitajwi. Nilipokuwa mdogo nilimwuliza kwa nini, akaniambia jambo moja tu: "Alirudi na blanketi la baba yako."

Mimi siamini kwamba ulimvua ndugu yako blanketi. Lakini sijui ninachopaswa kuamini badala yake. Ulituambia alikufa kwa homa. Niambie ilivyokuwa. Mimi si mtoto tena.

Elifuraha


Njoro, Moshi, 31 Julai 1949

Mwanangu Elifuraha,

Leo sianzi na habari za mvua. Nimeomba siku moja kwa Bwana Alawi ili niandike kwa mkono wangu, nikiwa peke yangu.

Hukukosea kitu. Uliniambia jambo nililokuwa nalitafuta kwa miaka kumi na sita, na sasa nimelipata natamani lingebaki limepotea.

Ilikuwa mwezi wa nane mwaka 1933. Mzungu mmoja aliyekuja kupima mlima, sisi tukimwita Bwana Miwani, alikuwa anatafuta wapagazi kule kijiji cha Mkuu. Mimi ndiye niliyemshawishi baba yako twende. Mama yako hakutaka. Nilisimama mlangoni kwenu nikamwambia, "Shemeji, nitamrudisha mwenyewe."

Siku ya nne tulifika kwenye pango upande wa Mawenzi. Theluji ilikuwa imetunyeshea mchana kutwa. Baba yako alikuwa anaumwa kichwa na kutapika, nguo zake zimelowa. Bwana Miwani akaendelea juu na wengine, chini ya kiongozi wetu Sirili, mtu wa Mkuu. Mimi na Eliona tuliambiwa tubaki na mizigo, na mizigo isiguswe. Yalikuwa magunia manne. Sikuyagusa. Mpaka leo sijui yalikuwa na nini, lakini yangeweza kulaliwa.

Sirili alituachia tita kubwa la nyasi kavu tulizopanda nazo kutoka chini. Akasema, "Mlaze hapa." Nikamlaza. Jua lilipotua nikawasha moto, lakini kuni zilikuwa mbichi, hazishiki. Baba yako akatetemeka mpaka nikasikia meno yake. Nikawaza: kinachomuua ni baridi, na dawa ya baridi ni moto. Nikamwinua, nikazivuta nyasi zile alizolalia, nikazitia motoni konzi baada ya konzi. Ziliwaka vizuri, Elifuraha. Pango lote likawa jekundu. Uso wake ukapata joto, akatabasamu, akaniambia, "Kaka, umeniokoa." Nikamlaza juu ya mwamba mtupu. Nikamfunika blanketi lake, kisha juu yake nikaweka na langu. Nilidhani baridi inatoka juu, kwenye theluji na upepo, kwa hiyo nikakaa mlangoni mwa pango nimzibie.

Nyasi hazikai. Baadaye akaniuliza, "Moto bado unawaka?" Nikamwambia unawaka. Ulikuwa umezimika. Hakuuliza tena, nami nikafikiri amelala.

Sirili aliposhuka alitukuta hivyo. Vidole vya mguu wangu vilikuwa vyeusi, hospitali wakavikata. Ni Sirili aliyenifunga mablanketi yote mawili na kunishusha mgongoni mwake. Baba yako tulimjengea mawe pale pale. Nilipofika kwenu, mama yako alilitambua blanketi kwa kiraka chake chekundu. Alilichukua begani mwangu, akaingia ndani, akafunga mlango. Nilikuwa nimekwisha mwambia ni homa, na baada ya mlango ule sikupata tena pa kuanzia.

Miaka yote hii nilijiambia moto ulikuwa mdogo, kuni zilikuwa mbichi, ilikuwa kazi ya Mungu. Sikuwahi kuzifikiria nyasi. Sasa ninapolala naziona. Tita lile lingemtosha mpaka asubuhi. Nililichoma kwa mikono yangu, naye akanishukuru.

Ningeweza kupanda huko na jani la sale mkononi. Lakini unajua desturi yetu: anayeletewa sale hawezi kukataa kusamehe. Sitaki kumfunga mama yako hivyo. Anayo haki ya kukataa. Msomee barua hii, au usimsomee. Wewe unamjua, mimi simjui tena.

Na yule mtoto Esther, usije ukamwona vibaya. Alisema kweli.

Anaeli


Mwika, 11 Septemba 1949

Baba Mkubwa wangu,

Shikamoo. Nilikaa na barua yako wiki tatu. Kila nilipoitoa kwenye sanduku niliirudisha. Nilijaribu kuikumbuka siku ile ya makopo jinsi ilivyokuwa kabla sijajua, nikashindwa. Nilikuwa nacheka, Baba Mkubwa. Nilikuwa nampa mtoto chaki.

Kwanza nikuambie hili kama mwalimu. Sote tulichagua kopo lenye magunia mawili. Watoto walichagua, na mimi mwenye cheti ukutani nilichagua vile vile moyoni mwangu. Majani yale niliyaweka kwa kujaribu tu, bila kutazamia kitu. Ningekuwa mimi pangoni, na ndugu yangu anatetemeka mbele yangu, ningezichoma nyasi zile.

Jumapili iliyopita baada ya ibada, Mama alikuwa amekaa nyuma ya nyumba anamenya ndizi za mtori. Nikamwambia, "Mama, nina barua ya Baba Mkubwa Anaeli." Kisu hakikusimama. Akasema, "Soma." Nikasoma yote tangu mwanzo. Alimenya mpaka nilipofika mahali baba alipotabasamu. Hapo akaweka kisu chini.

"Rudia hapo."

Nikarudia.

"Alitabasamu?"

"Ndivyo alivyoandika, Mama."

"Basi alipata joto kidogo," akasema. Akajifunika uso kwa khanga, kisha akaniashiria niendelee. Nilipomaliza kusoma akaokota kisu, akamaliza kumenya. Alipika, tukala, akaenda kumkatia ng'ombe majani. Kesho yake hivyo hivyo. Siku ya tatu ndipo aliponiita, akaniambia nichukue kalamu niandike kama anavyosema. Haya ni maneno yake, sikuyabadili:

"Mwambie namwamini. Kama angekuwa anadanganya angejitetea. Mwambie kwa miaka kumi na sita nimemchukia kwa sababu ya blanketi, na sasa nimeambiwa blanketi halikuwa na kosa, alimpa mpaka la kwake. Chuki ninayo bado. Imezoea kukaa humu, sijui niipeleke wapi. Mwambie simdai sale. Lakini asije. Yeye na Eliona walifanana, hata mama yao alikuwa akiwaita kwa makosa. Nikimwona atakuwa mzee, ana mvi. Nitaona jinsi Eliona angekuwa leo, amekaa hapa. Hilo siliwezi. Mwambie hivyo, wala usimpambie."

Nimekuandikia bila kukupamba, kwa sababu alinisimamia mpaka nikamsomea. Alikuwa analia, Baba Mkubwa, ingawa sauti yake haikubadilika. Nami ninalia ninapoiandika. Najua ulitaka kuja. Hata kama hukuandika, najua.

Mchungaji amekubali kumtaja baba kwenye ibada ya kuwakumbuka waliokufa. Kwa kuwa hakuletwa nyumbani, hakuwahi kuombewa kanisani; Mama hakutaka. Safari hii ametaka yeye.

Sasa neno langu mwenyewe, na Mama analijua, nimemwomba ruhusa. Yeye ameniambia kwamba mlifanana, na hilo sikuwahi kuambiwa. Hatuna picha ya baba. Namkumbuka mikono yake ikinipandisha juu ya ukuta wa mfereji, na sauti yake kidogo, lakini uso sina. Nimejaribu tangu utotoni, na kila mara nafika mpaka kwenye kola ya shati. Mama hawezi kukuona kwa sababu anaukumbuka uso ule. Mimi nataka kukuona kwa sababu siukumbuki.

Jumamosi tarehe 24 nitashuka na basi la asubuhi. Nitakuwa nimevaa gauni la kijani na kilemba cheupe, lakini nakuomba, usije kunilaki. Simama tu kati ya watu kituoni, wala usiniite. Niache nipite nikitazama nyuso. Nataka nione kama nitamtambua.

Mwanao,
Elifuraha